Jinsi ya kuchekesha watoto kwa baluni za kusokota na kiinimacho: mwongozo kamili kutoka Kisumu

Puliza baluni ndefu mbele ya mtoto wa PP2, darasa la mwisho la chekechea, mwangalie machoni, mwambie unamtengenezea ng'ombe. Sokota polepole. Ukimaliza mkabidhi mbwa na useme, "Haya, kamua." Atakutazama, ataitazama baluni, kisha atapiga kelele: "Si ng'ombe! Ni mbwa!" Wenzake ishirini watamuunga mkono. Wewe kataa. Sema ulimnunua mwenyewe soko la Kibuye siku ya Jumapili, na aliyekuuzia alikuapia kwamba maziwa yanatoka mkiani. Hapo umepata dakika tatu za kicheko kwa baluni moja, na hujafanya kiinimacho chochote.

Mtoto hucheka anapojua jambo ambalo mtu mzima halijui. Karibu yote nitakayoeleza hapa yanazunguka hapo: mtoto ashinde, wewe ushindwe. Nimefanya kazi hii kwenye bethidei, sande skuli, harusi na mahafali ya chekechea kati ya Kisumu, Kakamega na Nakuru. Maonyesho yaliyoniharibikia zaidi ni yale niliyokwenda nikitaka kuonekana fundi.

Vifaa, na adui yako mkubwa: jua

Baluni za kusokota huitwa kwa namba. Ya kuanzia ni 260: ikijaa huwa na unene wa inchi 2 na urefu wa inchi 60. Kuna 160, nyembamba ya inchi 1 kwa urefu uleule, inayofaa bangili na kazi ndogondogo, na 350, nene ya inchi 3 kwa urefu wa inchi 50. Kwa miezi sita ya kwanza usiguse nyingine zaidi ya 260. Tafuta zilizotengenezwa kwa ajili ya kusokotwa, kama vile Qualatex ya Marekani au Sempertex ya Kolombia. Kwa kawaida pakiti huwa na baluni 100. Zile ndefu za bei ya chini zinazoning'inia dukani karibu na mishumaa ya keki zitapasuka ukifika kwenye sikio la pili, na wewe utadhani mikono yako ndiyo mibaya. Mimi nilikaribia kuacha kazi hii kwa sababu hiyo. Ukikosa nzuri hapa magharibi, agiza Nairobi zije kama pasel.

Nunua pampu ya mkono, ile inayotoa hewa ukivuta na ukisukuma, na nunua mbili. Pampu hukatika siku ya sherehe, haikatiki nyumbani. Kupuliza 260 kwa mdomo ni sifa za bure: mashavu yatauma, kichwa kitazunguka, halafu utampa mtoto wa mwenyewe kitu chenye mate yako.

Ongeza aproni yenye mifuko, mkasi mdogo butu, baluni za mviringo za rangi nzito zisizopitisha mwanga, pini, na spoku moja ya baiskeli. Kazi ya spoku nitaieleza baadaye.

Sasa jua. Baluni hizi hutokana na utomvu wa mti wa mpira, na mpira huo hauelewani na joto wala mwanga. Baluni iliyopulizwa ikikaa juani hupoteza mng'ao, ngozi yake ikawa kama imepakwa vumbi, na muda si mrefu inapasuka yenyewe. Niliwahi kuacha pakiti nzima kwenye dashibodi ya gari la rafiki yangu kwa wiki moja. Nilipokuja kuitumia kwenye sherehe kule Milimani, kila baluni ya tatu ilikatika nikiivuta tu. Watoto walicheka, ndiyo, lakini kilikuwa kicheko ambacho sikukiomba.

Kwa hiyo zihifadhi ndani ya mkebe wenye kifuniko, kabatini, mbali na dirisha. Siku ya kazi zibebe kwenye kikasha cha kuwekea soda baridi, bila barafu, kwa sababu unachotaka ni kivuli tu. Ukifika, kitu cha kwanza kuuliza ni mti uko wapi au hema liko wapi. Ukilazimika kufanyia juani, acha nyeusi na rangi zote za giza, maana hunywa joto haraka. Tumia nyeupe na manjano, na usizijaze sana. Nyasi pia ni adui. Zile fupi zilizokatwa juzi zina ncha kama sindano, na baluni ikidondoka hapo imekwenda. Tandika mkeka.

Jambo moja la wanaosafiri: Kisumu iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru iko karibu 1,850, na barabara ya Kericho na Mau Summit inapanda juu zaidi ya hapo kabla ya kushuka. Hewa ya nje hupungua nguvu kadiri unavyopanda, kwa hiyo baluni uliyoijaza kabisa ukiwa Kisumu huzidi kuvimba njiani. Nilijifunza hilo nyuma ya matatu karibu na Kericho, abiria mmoja aliporuka kitini akidhani gurudumu limepasuka. Puliza ukishafika.

Mikono kwanza: mbwa

Anayejua kuhesabu pingili za muwa anajua nusu ya kazi hii. Baluni ni muwa laini, na kila unapoisokota unatengeneza pingili mpya. Jifunze mbwa hadi umtengeneze ukiwa umefumba macho, kwa sababu mbele ya watoto macho yako hayana nafasi ya kutazama vidole.

Ivute baluni mara mbili ili ilegee. Puliza, ukiacha kama sentimita 15 za mwisho bila hewa. Huo ndio mkia, na ni muhimu: kila pingili unayosokota inasukuma hewa mbele, na hewa ikikosa pa kwenda, baluni hupasuka. Kabla ya kufunga, achia hewa kidogo sana, kama mtoto mchanga anayecheua. Mdomo wa baluni utalainika. Funga fundo.

Anzia upande wa fundo. Pingili ya kwanza ni pua, sentimita 10 hivi. Isokote mizunguko mitatu kamili na uishike, usiiachie. Sokota ya pili na ya tatu, kila moja sentimita 10. Hayo ni masikio. Yakunje yakae ubavu kwa ubavu, kisha yashike pamoja na kuyasokota pale chini yanapokutana. Yatajifunga, na sasa una kichwa. Sokota shingo, sentimita 10 tena. Halafu miguu ya mbele, pingili mbili za sentimita 14, zikunje na kuzifunga kama ulivyofanya masikio. Tumbo, sentimita 16. Miguu ya nyuma, mbili za 14, funga. Kilichobaki ni mkia.

Makosa ni yaleyale kwa kila anayeanza. Anasokota pingili moja kwenda kulia na nyingine kushoto, kisha zote zinafunguka. Chagua upande mmoja usibadilishe hadi mwisho. Anaachia pingili ya kwanza kabla hajafunga masikio. Na anaogopa mlio, kwa hiyo anashika kama anashika yai. Mpira mzuri una nguvu kuliko unavyodhani, ubane. Kinachoutoboa ni kucha ndefu na pete.

Tengeneza mbwa hamsini nyumbani, halafu tengeneza hamsini wengine huku ukisimulia kitu kwa sauti. Hapo kwenye kusimulia ndipo wengi hukwama.

Vitu vingine vitatu vinatosha

Upanga: acha mkia wa sentimita 5. Upande wa fundo sokota pingili ya mshikio, kiasi cha kiganja. Kisha kunja baluni kama unavyokunja karatasi ya feni, mbele, nyuma, mbele, mikunjo ya sentimita 12 hivi, ibane katikati na uisokote yote pamoja. Hiyo ni kinga ya mkono. Kilichobaki ni makali. Sekunde ishirini.

Samaki ndiye rahisi kuliko wote, na hapa Kisumu ndiye anayependwa. Jaza baluni karibu yote, funga, kutanisha ncha mbili na uzisokote pamoja sentimita 10 kutoka mwisho. Duara kubwa ni mwili, ncha mbili ni mkia. Waambie ni ngege. Yule mtoto mjuaji atasema ni mbuta kwa sababu ni mkubwa. Bishana naye kama wachuuzi wa samaki wa Dunga, shuka bei, panda bei, na mwisho umuuzie kwa kupiga makofi.

Nakuru wanataka flamingo. Tumia rangi ya waridi, kunja sehemu kubwa ya baluni kama klipu ya karatasi, sokota pale mikunjo inapopishana, chomeka duara moja ndani ya jingine, na sehemu iliyobaki uisimamishe iwe shingo. Ikunje kichwani na kuikamua kwa ngumi hadi ibaki na pindo. Lazima mtoto atauliza miguu iko wapi. Jibu, "Amesimama majini," na uendelee na kazi bila kutabasamu. Kwa wakubwa mimi huongeza: wale wa ziwani hupata rangi kutokana na mwani wanaokula, huyu ameipata kwa sababu pakiti nyingine zimekwisha.

Kiinimacho, na neno la kukwepa

Ukifika mahali ukatangaza kwamba unafanya uchawi, hata kwa utani, umejiharibia. Kuna bibi ataondoa wajukuu wake, na mchungaji aliyekualika ataanza kukuna kichwa. Sema kiinimacho, au mazingaombwe, au michezo ya macho na mikono. Mimi huanza kwa kuwaambia wazazi waziwazi: "Hapa hakuna nguvu yoyote. Kuna mtu mjinga mmoja na vidole kumi." Mjinga ni mimi, nao wanalielewa hilo mapema kuliko nilivyotaraji.

Wa kwanza ni mchezo wa spoku. Nenda kwa fundi wa baiskeli, naye yupo kila mtaa huku kwetu. Hata jina boda boda lilizaliwa na baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia. Nunua spoku mpya. Kata upande uliopinda, noa ncha taratibu kwa tupa, kisha isugue kwa msasa laini hadi iteleze kama sindano ya kufumia. Ikiwa na kikwaruzo kidogo tu, mchezo umekwisha.

Pulizia baluni ya mviringo robo tatu, iwe fupi kuliko spoku. Tazama juu kabisa, mkabala na fundo: kuna doa la rangi nzito kuliko kwingine. Pale, na pale kando ya fundo, mpira haujavutika sana, kwa hiyo ukitobolewa unaikumbatia spoku badala ya kuraruka. Pakaza spoku mafuta ya kupikia kidogo. Ingiza kando ya fundo ukizungusha taratibu, ipitishe ndani, itokee kwenye doa. Baluni itabaki nzima, imechomwa kama mshikaki. Spoku ikichomolewa hewa itavuja polepole, kwa hiyo usiiache baluni ikae. Ichome pini ubavuni ilie, wajue ilikuwa baluni ya kweli.

Kichekesho chake hakiko kwenye spoku. Kwanza jaribu "vibaya": choma baluni ubavuni kwa makusudi, ipasuke, ushtuke kuliko wao wote. Jaribu ya pili, ipasuke. Mwite mtoto mmoja akufundishe. Yeye anashika spoku, mkono wako umefunika wake na ndio unaoongoza, na safari hii inapita. Makofi ni yake. Wewe nung'unika kwamba amekunyang'anya kazi. Spoku irudi kwenye ala yake papo hapo, na ala iwe mfukoni mwako. Usiiache mezani hata kidogo.

Wa pili ndio ninaoupenda zaidi: baluni inayobadilisha rangi. Tayarisha mapema. Kwa penseli butu, ingiza baluni ya kijani ndani ya ya bluu, midomo yote miwili ibaki nje. Puliza ya ndani, ifunge, isukume izame ndani. Kisha ongeza hewa kwenye ile ya nje hadi zitengane kidogo, funga. Kwa nje inaonekana ya bluu tu. Ukichoma ya nje mahali ambapo haigusani na ya ndani, ya bluu inatoweka kwa mlio na mkononi umebaki na ya kijani.

Sasa fikiria uko Kisumu, na ya nje ni bluu. Waambie watoto kwamba umeleta baluni ya timu yao. Inua ile ya bluu na useme, "Ingwe!" Utasikia mngurumo. Hapa ni nyumbani kwa mashabiki wa K'Ogalo, yaani Gor Mahia, na Gor Mahia ni kijani; Ingwe ni AFC Leopards, wapinzani wao wa bluu. Jifanye hujasikia vizuri. "Mnasema mnampenda Ingwe sana?" Laaa! Chagua mtoto aliyekasirika kuliko wote, mpe neno la kufungulia. Mimi hutumia "Omena!", yaani dagaa wa ziwani. Asongeze kidole karibu na baluni na kulipaza, wakati pini iko kati ya vidole vyako upande wa nyuma. Pa! Kijani. Wewe kaa chini ukiwa umeshika kichwa. Nimeona akina baba wakisimama kushangilia kama ni Mashemeji Derby yenyewe, mechi ya timu hizo mbili.

Ukienda Kakamega, kwa mashabiki wa Ingwe, geuza rangi: kijani nje, bluu ndani, na neno liwe "Ingokho!", yaani kuku. Usisahau kugeuza. Nilisahau mara moja, na ilinibidi nile chakula changu cha mchana nikitaniwa na ukoo mzima.

Kuna mchezo mmoja usiuguse: kumeza baluni ndefu. Utauona kwenye video. Mtoto akiuiga nyumbani baluni inamziba koo, na hakuna kicheko chenye thamani hiyo.

Jinsi ya kupanga saa yako

Fanya hesabu kabla ya kuahidi. Mbwa mmoja huchukua dakika moja ukiwa mwepesi. Watoto 60 ni saa nzima ya foleni, na yule wa sitini atakuwa analia huku wa kwanza ameshapasua yake na kurudi nyuma ya mstari akiwa amevaa kofia tofauti. Usianze na foleni. Anza na onyesho la dakika 30 hadi 40, wote wameketi mkekani, na baluni wanapata wale tu waliokusaidia. Kugawa ni mwisho, na wachague kati ya upanga na samaki tu. Rangi hawachagui: wanapata ile ambayo mkono umetoa. Ukiruhusu mmoja achague pinki, umekwisha.

Ndani ya onyesho mimi hufungua na baluni inayokataa. Naipuliza, inaniponyoka, inaruka na ule mlio wake wa aibu. Mara tatu. Kwenye harusi ya kanisani hufanya mara moja tu nikimtazama mzee wa kanisa. Kisha ng'ombe aliye mbwa, kisha spoku, kisha nyimbo kidogo wanyooshe miguu, na timu ya mpira iwe ya mwisho. Kabla ya mlio wowote nawafundisha amri moja: nikisema "Masikio!", wote wanaziba. Wapo watoto wanaoogopa sana mlio wa kupasuka, na amri hiyo inawageuzia hofu kuwa mchezo.

Msaidizi usimchague yule anayeruka na kupiga kelele "Mimi, anko, mimi!" Huyo atakunyang'anya onyesho. Tafuta anayecheka akiziba mdomo. Muulize kama anataka kuja, na akitikisa kichwa mwache. Mtoto anayelia mbele za watu huwalizia wengine wote.

Na chakula kikitokea, acha. Hakuna kiinimacho kinachoshinda chapati.

Usalama, bila mzaha

Pakiti za baluni zinazouzwa Marekani hubeba onyo kwamba watoto walio chini ya miaka 8 wanaweza kukabwa na baluni isiyopulizwa au iliyopasuka. Onyo hilo ni la kweli hapa pia. Kipande cha mpira kikiingia kooni huziba kama kifuniko, na ni kigumu kukitoa. Okota kila kipande papo hapo, hata katikati ya kichekesho. Mimi nimelifanya kuwa shindano, anayeniletea vipande vitano anapata samaki wa kwanza. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu, baluni anakabidhiwa mama yake. Muulize mwenye sherehe kama yupo mtoto mwenye mzio wa mpira.

Karibu na ziwa uwe mkali zaidi. Mpira huu huoza, lakini polepole, na samaki na ndege hawangoji. Beba gunia dogo la kutilia mabaki. Mifuko ya plastiki, kama unavyojua, imepigwa marufuku tangu Agosti 2017.

Pesa

Kabla ya kutaja bei, uliza: watoto wangapi, umri gani, kuna kivuli, chakula ni saa ngapi, na nani mwenye kauli siku hiyo. Bei yako ijumlishe baluni (hesabu tatu kwa kila mtoto, maana nyingine zitapasuka), nauli ya kwenda na kurudi pamoja na boda, na siku nzima yako, kwa sababu hutapata kazi nyingine siku hiyo. Chukua nusu kwa M-Pesa kabla ya siku yenyewe. Nililijua hilo baada ya mteja mmoja kunishukuru kwa maombi marefu na sahani ya pilau.

Misimu miwili ndiyo inayolipa: mahafali ya chekechea mwishoni mwa mwaka wa shule, na Desemba, familia za Nairobi zinaporudi ushago na watoto waliozoea sherehe kubwa. Ukitaka kufanyia uwanjani au bustani ya umma, fuatilia kibali kwanza. Kanjo, yaani askari wa kaunti, hawacheki na baluni.

Mwisho, ukishafungasha, bakiza baluni kumi na pampu mahali pa karibu. Ukielekea langoni atakukimbilia mtoto ambaye yake imepasuka, kisha binamu aliyechelewa, kisha msichana wa jikoni. Halafu kuna askari wa lango. Huyo huomba upanga, na kila mara husema ni wa mtoto.